Bunduki ya Mzee wa Geti

Kwetu Beni, seremala akikuambia amemaliza kazi, unamuuliza: kitanda, mlango, ao sanduku la maiti? Hayo yote nimeyafanya kwa mikono hii. Kuna kazi ya nne ambayo huku Kampala sikumwambia mtu kwa miaka mitatu. Nilitengeneza vitako vya bunduki. Nitafika huko. Kwanza niseme habari za bunduki ya Mzee, maana bila hiyo nisingeandika kitu.

Ninafanya kazi Ndeeba. Mnaopita barabara ya Masaka mnapajua: vumbi la mbao mpaka kwenye chai, mashine za randa zinalia tangu asubuhi, na malori yanashusha mzigo katikati ya watu. Mbao nyingi pale ni za kwetu. Libuyu na muvule zinavuka Mpondwe kwa lori, mpaka uleule tuliovuka sisi, ila zenyewe hazikupanga foleni Old Kampala kuulizwa baba wa baba yako ni nani. Siku ya kwanza nilipopasua libuyu huku na ile harufu ikanipanda puani, nilizima mashine nikasema nimeingiwa na vumbi machoni.

Nyuma ya karakana yetu kuna yadi ya tajiri mmoja wa mbao, na kwenye geti la yadi kulikuwa na mlinzi. Kila jioni pikapu ya kampuni ilimshusha pamoja na bunduki yake, na kila asubuhi ilipita kumchukua. Sote tulimwita Mzee. Alikuwa mtu wa Arua, mrefu, amekaukiana, na koti la kazi lilimpwaya kama limetundikwa kwenye msumari.

Bunduki yake ilikuwa ile ya kuvuta na kusukuma, pampu-aksheni kama wenyewe walinzi wanavyoiita. Vitabuni utakuta inaitwa bunduki ya marisau, kwa sababu haitoi risasi moja, inamwaga gololi. Sisi Wakongomani tunasema kalibre 12 basi, hatuulizi ni ya namna gani. Mzee ndiye alinifundisha maana ya hiyo 12: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa sehemu 12 sawa, ukaviringa kila moja kuwa tufe, tufe hilo linaenea sawasawa kwenye mtutu. Mimi ni mtu wa vipimo. Nilipenda kujua hilo, halafu nikachukia kwamba nimependa.

Ilikuwa imezeeka vibaya. Weusi wa chuma ulikuwa umekwisha, pale mkono unaposhika paling'aa kama kijiko. Herufi za ubavuni zilikuwa zimefutika. Kitako kilikuwa na alama za meno ya panya, mimi sisemi uongo. Na ule mpini wa mbele, ule wa mbao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Mpini ule ndio kila kitu kwenye bunduki ya namna hiyo. Ukiuvuta nyuma mpaka mwisho, ganda la zamani linaruka nje na nyundo ya ndani inajikoki. Ukiusukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu na kuingia chemba. Usipouvuta mpaka mwisho, risasi mpya haipandi, na wewe unabaki unashika fimbo ya bei kali. Mzee alisema vijana wengi wanakosea hapo. Wanaogopa, wanavuta nusu, wanarudisha. "Hii haitaki mtu mwoga," aliniambia, "na haitaki mtu wa haraka."

Yake ilikuwa na tabia zake zaidi ya hizo. Wakati wa mvua ilikataa kutema maganda, kwa sababu risasi zenyewe zilikuwa za zamani, zimeingia na kutoka miaka kwa miaka mpaka zimebonyea. Alikuwa nazo nne. Alizihesabiwa jioni na kuhesabiwa asubuhi, kama watoto wa shule. Moja, ile nyekundu iliyopauka, hakuiweka kamwe iwe ya kwanza, kwa sababu ilikwama. Na ule ufa: ukivuta kwa nguvu, mpira wa baiskeli uliteleza kidogo na mkono ukateleza nao. Ilibidi uushike karibu na mtutu, na kiganja ukigeuze hivi, kama anayefungua chupa.

Nilimuuliza mara moja ile kitu inaweza kumpiga nani. Akacheka. "Inabweka kabla ya kuuma," akasema. "Ukikoki usiku, mwizi aliye Katwe anasikia." Hiyo ndiyo aliiona kuwa thamani yake. Kwa kampuni thamani ilikuwa nyingine: aliambiwa akiipoteza, hata akifanya kazi mwaka mzima bila kula hataweza kuilipa, na jela ataingia vilevile.

Mimi nilikuwa ninapita upande wa pili wa geti. Hata ikiwa imeegeshwa ukutani na Mzee anakula posho, nilipita mbali.

Sasa ule usiku. Ilikuwa 2021, katikati ya mwaka, wakati wa korona. Mnakumbuka kafyu ilivyorudishwa mpaka saa moja jioni. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17, ananisaidia karakana, kichwa chepesi, mkono mzuri. Alikuwa amechukua msumeno wangu bila kuniuliza, akatengenezea jirani yetu kitanda, akakunja elfu 15 zake kimya. Alitaka kuurudisha kabla sijafika asubuhi. Kwa hiyo saa nne usiku, umeme umekatika Ndeeba nzima, akaufunga msumeno kwenye gunia, akakwepa barabara kubwa yenye askari wa doria, akapita nyuma. Nyuma maana yake ni ukuta wa yadi. Akaruka.

Fikirini mlinzi anaona nini. Giza, kafyu, mtu anatua kutoka ukutani na kitu kirefu kwapani.

Mzee akauliza kwa Kiganda: "Ani oyo?"

Na mdogo wangu, ambaye Kiganda chake cha wakati ule kilikuwa cha kununua chapati, akapiga kelele kwa lugha iliyomjia mdomoni: "Usinipige! Minaomba, usinipige!"

Hapa nisimame kidogo. Wenzetu mliotoka Goma, Uvira, Bunia, mnajua mlivyofundishwa siku za mwanzo na waliotutangulia: usiku Kampala, usiseme Kiswahili. Idi Amin alikifanya lugha ya taifa mwaka 1973, na kwenye katiba kimeandikwa kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Lakini muulize mama wa Kiganda mwenye miaka 60 alikisikia wapi kwa mara ya kwanza. Atakuambia kwenye vizuizi vya barabarani. Atakuambia kwa majambazi waliobisha mlango usiku. Kwetu ndiyo lugha ya soko na ya kanisa, na mama alituita nayo tuje tule. Hapa mtu wa umri fulani akiisikia gizani, mkono unakwenda wenyewe mahali.

Mkono wa Mzee ulikwenda. Akavuta mpini. Na kwa kuwa alishtuka, alivuta bila kugeuza kiganja. Mpira ukateleza, mkono ukateleza, mpini ukaishia nusu. Akausukuma mbele: chemba tupu. Ilibidi aanze upya. Ni muda gani huo? Niliwahi kuupima nikiwa peke yangu, na mpini wa randa: ni muda wa kusema maneno matatu, manne kama una hofu.

Ndani ya muda huo mdogo wangu alisema tena, "Minaomba, muzee, minaomba."

Mzee aliniambia ni hilo neno. Mwanajeshi hasemi "minaomba". Mwizi wa Kampala akisema Kiswahili anasema "naomba", na kwa kawaida haombi. "Minaomba" alikuwa ameisikia mahali pengine, zamani sana. Akateremsha mtutu akauliza kwa Kiswahili: "Wewe ni mtu wa Zaire?"

Yeye mpaka leo anaita Zaire.

Alimkalisha chini kwenye maganda ya mbao mpaka alfajiri, mikono kichwani kwanza, baadaye akampa koti. Nilipofika saa moja nilimkuta mdogo wangu anatetemeka na Mzee anamwagia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilisikiliza hadithi yote nikiwa nimesimama. Sikumpiga mdogo wangu. Nilichukua msumeno wangu, nikautundika kwenye msumari wake, nikaenda nyuma ya choo nikatapika.

Sasa vile vitako.

Ilikuwa mwanzo wa 2018, kabla Ebola haijatangazwa Mangina. Nilikuwa ninafanya kazi kwa baba yangu mdogo, kwenye kijiji cha upande huohuo. Wakaja vijana wa msituni na bunduki tatu. Vyuma vilikuwa vizima, mbao zilikuwa zimeoza, moja imefungwa kwa kamba ya mgomba. Hawakutuuliza kama tunaweza. Walisema kesho kutwa. Baba mdogo mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa hiyo nilichonga mimi, yote mitatu, kwa muvule. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, ndugu zangu wasomaji: nilichonga vizuri. Nilifuata nyuzi za mti. Nilipiga msasa. Kimoja kilikuwa na jicho la mti karibu na bega, duara jeusi kama shilingi, na badala ya kulificha nililiweka mahali linapoonekana kwa sababu lilikuwa linapendeza.

Miezi michache baadaye, tukikimbilia mpakani, tulisimamishwa njiani. Walichukua simu, pesa, magodoro, na wakampiga jirani yetu kwa kitako kwenye mdomo. Nililiona lile jicho la mti likipanda na kushuka. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kwa nini nililia zaidi ya mwenye meno.

Tulipovuka Mpondwe niliapa: vitanda, milango, masanduku. Basi.

Kwa hiyo unaweza kujua nilivyojisikia wiki mbili baada ya ule usiku, Mzee alipokuja karakana jioni, bunduki begani, akasema: "Fundi, mwanangu, nina shida ya mbao."

Ufa ulikuwa umefika upande wa pili. Kampuni walikuwa wameuona asubuhi wakati wa kukagua, na wakamwambia ni yeye aliyevunja. Watamkata mshahara, ambao wenyewe haukufika laki tatu. Nikamwambia hapana, Mzee, mimi sigusi hiyo. Akatikisa kichwa, akarudi getini. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Usiku ule sikulala. Niliwaza kinyume na mtu yeyote mwenye akili. Niliwaza: ule ufa ndio uliomwacha mdogo wangu hai. Nikiuziba, nimeziba yale maneno matatu, manne. Mpini ukiwa mzima, atakayeruka ukuta mwaka ujao hatapata muda wa kuomba. Na mimi nitakuwa nimechonga cha nne.

Kesho yake nilimweleza Mzee hivyohivyo, bila kuficha, pamoja na vitako. Ndiye mtu wa kwanza kumweleza. Alisikiliza huku akitazama barabarani kama walinzi wanavyofanya. Halafu akasema, "Unajua wakiitoa hii, wataniletea nini? SMG."

Wasiojua, SMG hapa Uganda ndiyo kalashi. Tayari walinzi wengine wa kampuni yake walikuwa nazo. Hiyo haina mpini wa kuteleza. Ukishakoki mara moja imekwisha, kinachobaki ni kidole tu, na kidole kikikaa risasi zinafuatana. "Hii," akaigonga bunduki yake, "kila risasi lazima niitake mwenyewe. Nivute, nisukume. Kila moja ninaulizwa tena."

Ukweli nilikuwa nimesoma kwenye simu, usiku wa kafyu ulikuwa mrefu, kwamba hata bunduki za namna hii zina sifa mbaya. Winchester ya 1897, aliyoichora Mmarekani John Browning, ukibana kifyatulio bila kuachia inapiga kila unapousukuma mpini mbele. Wamarekani waliipeleka kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na Septemba 1918 Wajerumani waliandika malalamiko rasmi kwamba ni silaha ya kikatili. Wajerumani hao hao wa gesi ya sumu. Huyo Browning alifia Ubelgiji mwaka 1926, kwenye kiwanda cha bunduki cha Herstal. Hadithi zetu zote lazima zipitie kwa Wabelgiji. Sikumwambia Mzee mambo hayo. Bunduki yake ilijaribiwa mbele yangu ikiwa tupu, na haikuwa na tabia hiyo. Ningeikuta nayo, ningekataa, wangemletea SMG na iwe.

Nilisema sawa, kwa masharti. Risasi zote nne mfukoni mwake, nizione. Sifungui skrubu hata moja, kwa sababu bunduki si yangu wala si yake. Na mdogo wangu anakaa nyumbani.

Tulianza saa kumi na mbili jioni, mwenzangu wa karakana alipoondoka. Niliukata ule mpira wa baiskeli, nikausafisha ufa kwa wembe. Jasho la miaka lilikuwa limeingia ndani, jeusi kama lami. Nilitoboa kwa keekee mashimo mawili madogo ya kupita ufa, polepole, nikiogopa kufika kwenye chuma, nikachonga vijiti viwili vya libuyu. Gundi, vijiti, klampu mbili. Gundi ile inataka usiku mzima kukauka, lakini pikapu inafika alfajiri, kwa hiyo nilikaa.

Na ndivyo ilivyokuwa kwamba usiku mmoja wa 2021, yadi ya mbao za mamilioni pale Ndeeba ililindwa na mzee wa miaka 60 na kitu akiwa na fimbo, na bunduki yake imebanwa kwenye meza yangu kama mguu wa kiti.

Tuliongea. Au aliongea. Amin alipoanguka 1979 yeye alikuwa kijana, na jeshi jipya lilipofika West Nile mwaka uliofuata watu walikimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Yeye alivuka kwenda upande wa Aru. Walilima mashamba ya watu kwa kulipwa mihogo. Watoto wa pale waliwaita "askari ya Amin", yeye ambaye hajawahi kuvaa hata buti. Usiku mmoja alikwenda kuchimba mihogo shambani kwa mtu bila ruhusa, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na mwenye shamba akamkuta. Alikuwa na gobori la kuwindia. Mzee alisema alipiga magoti akaomba kwa maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa ameyaokota pale, na yule mwanamume alisimama naye muda mrefu bila kusema, halafu akamwambia mihogo ya upande ule ni michungu, achimbe ya upande huu.

"Minaomba," nikasema.

"Ndiyo nilivyosema," Mzee akajibu. Akainuka akazunguka ukuta na fimbo yake.

Saa kumi alfajiri nilitoa klampu, nikapiga msasa kidogo, nikapaka mafuta badala ya vanishi ili isiteleze. Nilimpa. Alivuta, akasukuma. Ilikwenda laini kuliko nilivyotaka. Alifanya mara ya pili na ya tatu, akinitazama. Halafu akainama, akaokota ule mpira wa baiskeli sakafuni, akaufunga tena palepale, mizunguko minne, akaung'ata kwa meno kukaza fundo. Akasema kiganja chake kimeshazoea. Akaingiza risasi, ile nyekundu iliyopauka akaiweka ya mwisho kama kawaida. Alitaka kunipa elfu 10. Tukaishia kwenye soda mbili.

Kampuni hawakumkata mshahara. Mwaka uliofuata alimaliza kazi akarudi Arua, na bunduki sikuiona tena. Mlinzi wa sasa ni kijana mpole, anasikiliza mpira kwenye redio, na begani ana SMG. Kiswahili hajui hata kidogo. Nimemfundisha mdogo wangu la kusema kama siku moja atakuwa upande ule usiku: "Nze omubazzi, ssebo," mimi ni seremala, bwana. Tunafanya mazoezi wakati wa kula. Mimi ninauliza kwa sauti nzito, "Ani oyo?", na yeye anajibu. Anaisema vizuri kabisa, lakini ni mchana.